UCHOVU WA SAFARI, AU MTOTO ANAKAUKA MAJI?
Somo kwa mama anayesafiri na mtoto mdogo



Kila mwaka, masomo yakifungwa mwezi wa saba, jamaa nyingi hufunga safari. Watu wa Bukavu hushuka Uvira kuona ziwa na kusalimia ndugu. Watu wa Uvira huenda Makobola, Mboko au Baraka, na wengine huvuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura. Watoto wanaota ndoto ya kuoga ziwani. Baba anahesabu feza za gari. Mama ndiye anayefunga mizigo na kubeba mtoto. Na jioni, mkifika, watu wanauliza: "Safari ilikuwa namna gani?" Nanyi mnajibu: "Tulichoka tu."

Neno hilo, "tulichoka tu", ndilo somo letu la leo. Mtu mkubwa akichoka hulala, na asubuhi ameamka mzima. Lakini mtoto mdogo anayeregea njiani, pengine hakuchoka. Pengine maji yanamwishia mwilini. Kwa macho mambo haya mawili yanafanana sana. Mimi mwenyewe, ninayefundisha wauguzi kila siku, nilidanganyika. Nitawasimulia bila kuficha, maana aibu yangu inaweza kumwokoa mtoto wako.

1. SIKU YA SAFARI YETU

Tulikuwa watu sita: mimi, baba ya watoto, mama mkwe wangu na watoto watatu. Mdogo wao alikuwa na miezi 14, akinyonya bado. Niliamka saa tisa ya usiku, nikapika uji na maziwa, nikautia katika termosi. Saa kumi na moja tulikuwa tayari pale magari yanapopakia. Dereva akasema: "Mama, panda, tunaenda sasa hivi." Tuliondoka saa mbili na nusu, gari lilipojaa.

Njia ya Ngomo mnaijua: mlima, kona, na chini shimo. Mtoto alitapika mara mbili. Nikasema moyoni: ni kona hizi. Kisha gurudumu likapasuka, tukaketi saa nzima kando ya njia. Nilikuwa na kiu, lakini sikunywa. Niliogopa kuomba gari lisimame, maana njiani hakuna choo cha mama.

Tukashuka mpaka Kamanyola. Hapo hewa inabadilika. Bukavu iko juu, karibu meta 1500. Uvira iko chini kando ya ziwa, karibu meta 800 tu. Mtu aliyetoka Bukavu na koti, akifika bonde la Ruzizi anatafuta kivuli. Vumbi lilikuwa jingi. Nikampakata mtoto, nikamfunika uso kwa kikwembe.

Wakubwa walilia kiu, nikawanunulia dirishani maji ya rangi yaliyofungwa katika vifuko. Mdogo nikampa ule uji. Ilikuwa saa saba mchana. Uji haukuwa wa moto tena, wala haukuwa baridi. Ulikuwa vuguvugu, tangu alfajiri.

Toka Luvungi kwenda Sange alitapika tena, akahara mara nne, maji matupu. Nguo nilizobeba zikaisha. Mama mkwe akasema: "Ni meno." Mimi nikasema: "Hapana mama, ni safari." Baadaye mtoto akaacha kulia, akanyamaza kabisa kifuani mwangu. Moyo wangu ukatulia. Nikasema: Asante Mungu, sasa amelala.

Kwenye kizuizi kimoja gari lilisimama. Mama mmoja mwuza ndizi akasogea dirishani, beseni kichwani. Hakutangaza ndizi zake. Aliangalia mkono wa mtoto uliokuwa ukining'inia, akanyoosha wake, akafunua kikwembe. Akasema: "Mama, mutoto huyu hayalala. Ameregea. Angalia macho yake."

Nikaangalia. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ulimi mkavu kama karatasi. Nikabana ngozi ya tumbo, nikaiachia: ilibaki imesimama, ikarudi polepole mno. Nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sikuona mkojo. Nikampa ziwa, hakulishika.

Alama hizo zote nimeziandika ubaoni mara nyingi sana mbele ya wanafunzi. Siku ile sikuziona kwa sababu moja tu: sikumtazama mtoto. Nilikuwa nimemfunika.

Abiria wengine walinung'unika kwa kuchelewa, lakini walipomwona mtoto wakanyamaza, na dereva akatupeleka mbio kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi alimtia serumu katika mshipa. Mtoto alipoanza kumeza, tukamnywesha dawa ya kurudisha maji, kijiko kwa kijiko. Baba na wengine waliendelea na safari. Mimi nilibaki pale usiku kucha. Saa tatu ya usiku mtoto alikojoa mapajani mwangu. Wamama, sijafurahia nguo iliyolowa namna ile tangu nizaliwe.

Alipona. Lakini kama yule mama wa ndizi angejali ndizi zake tu, tungefika Uvira jioni na mtoto "aliyelala".

2. KWA NINI MTOTO HUKAUKA UPESI?

Chukua bidoni ya lita 20 na kikombe cha chai. Vijaze vyote maji. Sasa toboa tundu moja, sawasawa, katika kila chombo. Ni kipi kitakuwa kitupu kwanza? Kikombe. Mtu mkubwa ni bidoni, mtoto mchanga ni kikombe. Tundu ni lile lile, lakini akiba si ile ile.

Siku ya safari matundu ni manne kwa pamoja:

a) Jasho. Gari limejaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, mtoto amevaa kofia na nguo za Bukavu katika joto la Ruzizi.

b) Kutapika. Kwa sababu ya kona, au kwa sababu ya ugonjwa.

c) Kuhara. Kwa sababu ya chakula kilichochacha, mikono michafu au maji mabaya.

d) Kutokunywa. Hili ndilo tunalolisahau. Mtoto aliyezoea kunyonya mara nyingi kwa siku, siku ya safari ananyonya mara chache, kwa sababu mama amebanwa kati ya watu, anaona haya, au amechoka.

Tundu moja, mtoto anavumilia. Matundu manne kwa siku moja, kikombe kinakwisha kabla ya jua kushuka.

3. NAMNA YA KUTOFAUTISHA

Usiulize tu, "Analala?" Mwamshe, umtazame.

Mtoto aliyechoka tu:
- Ukimwamsha anakasirika, analia, tena machozi yanatoka.
- Ukimpa ziwa analishika.
- Mdomo na ulimi vina mate.
- Amekojoa kama kawaida.
- Ukibana ngozi ya tumbo na kuiachia, inarudi mara moja.

Mtoto anayeanza kukauka:
- Anahangaika, hatulii, ni mwenye hasira bila sababu.
- Ana kiu kali. Akiona kikombe anakivuta kwa nguvu.
- Macho yameingia kidogo, mdomo umekauka.
- Mkojo ni kidogo, una rangi nzito.
- Ngozi iliyobanwa inarudi polepole.
Mtoto huyu aanze kunywa dawa ya kurudisha maji palepale, ndani ya gari.

Mtoto aliye katika hatari:
- Ameregea, haamki vizuri, mikono inaning'inia.
- Hawezi kunywa au kunyonya, au anakunywa vibaya.
- Macho yameingia sana. Kwa mchanga, utosi umebonyea.
- Ngozi iliyobanwa inabaki imesimama. Unaweza kuhesabu "moja, mbili" kabla haijarudi.
Mtoto huyu anahitaji kituo cha afya SASA. Asingojee mwisho wa safari.

Angalieni jambo moja, wamama. Mtoto anayeanza kukauka hupiga kelele. Mtoto aliye karibu kufa hunyamaza. Ndiyo maana kimya cha mtoto mgonjwa kisikutulize moyo kamwe.

Tena, mtoto aliyetapika kwenye kona za mlima hupata nafuu gari likifika kwenye tambarare au likisimama. Akiendelea kutapika mahali njia imenyooka, au akiongeza kuhara, acha kusema "ni kona". Na meno hayaleti kuhara maji namna hiyo. Mtoto wa umri wa kuota meno huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Vijidudu ndivyo vinavyomharisha, si jino.

4. KABLA YA KUONDOKA

Mama hupanga mizigo ya wote. Basi vitu hivi visiwe chini ya magunia juu ya gari. Viwe katika kifuko kidogo miguuni pako:

- Maji safi ya kunywa. Yaliyotokota kweli kweli, yenye mapovu makubwa, kisha yakapoa katika chombo chenye kifuniko. Au yaliyotiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa. Bebeni mengi kuliko mnavyofikiri, maana gari la saa nne laweza kuwa gari la saa kumi.
- Paketi mbili za SRO, ile dawa ya kurudisha maji. Zinapatikana kwenye vituo vya afya na maduka ya dawa. Paketi ni nyepesi kuliko kitambaa cha mkononi.
- Chupa safi ya lita moja, kikombe na kijiko. Acha bibero nyumbani; ni vigumu kuisafisha njiani, na vijidudu vinapenda kukaa katika chuchu yake.
- Kipande cha sabuni.
- Vikwembe viwili zaidi: kimoja cha mtoto, kimoja cha kujisitiri wewe.
- Kadi ya mtoto. Muuguzi usiyemjua atasoma humo uzito na chanjo zake.
- Chandarua. Hiki kinaweza kukaa katika mzigo mkubwa, lakini kisisahauliwe. Uvira ina mbu wengi kuliko milima ya Bukavu, na mtoto wa mlimani hajazoea malaria.

Na chakula? Chagua kile ambacho Mungu mwenyewe amekifunga: ndizi yenye ganda lake, yai lililopikwa na ganda lake, chungwa, parachichi. Viazi au mihogo iliyochomwa asubuhi, na mkate, vinafaa pia. Karanga wape wakubwa, si wadogo, maana zinaweza kuwakaba koo.

Usibebe uji, maziwa, sombe wala samaki wa mchuzi kwa safari ya kutwa. Chakula kilicholowa, kikikaa katika uvuguvugu kupita masaa mawili, ni shamba la vijidudu. Termosi inatunza joto kwa muda, kisha inatunza vijidudu. Hilo ndilo kosa langu la siku ile.

Kwa mtoto anayenyonya kuna chakula kisichochacha, kisichomwagika, kisichohitaji moto wala kuni: ziwa la mama.

5. NJIANI

Kanuni ya kwanza: mfunue mtoto. Kila gari linaposimama, toa kikwembe usoni, mtazame macho, tia kidole safi mdomoni uone kama kuna mate, gusa nguo kama amekojoa. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Masaa sita bila mkojo ni mengi mno kwa mtoto mdogo.

Kanuni ya pili: nyonyesha mara nyingi kuliko nyumbani, hata kama hajalia. Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita, mpe ziwa peke yake, hata katika joto la Ruzizi. Usimpe maji. Maziwa ya mama karibu sehemu 88 kwa 100 ni maji, tena maji yasiyo na mdudu. Mtoto aliyezidi miezi sita anaweza kunyonya na kunywa maji safi kwa kikombe.

Kanuni ya tatu: mama pia anywe. Najua kwa nini hatunywi. Tunaogopa kuomba gari lisimame. Lakini mama mmoja akiomba, dereva husema, "Ngoja kidogo." Wamama watatu wakiomba pamoja, husimama. Basi zungumzeni ninyi kwa ninyi tangu mwanzo wa safari. Mmoja ashike kikwembe, mwingine ajisitiri. Na baba asikilize neno hili pia: ni kazi yake kumwambia dereva, si kumwachia mke wake aibu.

Kanuni ya nne: usinunue dirishani maji ya vifuko yasiyojulikana yalikotoka, wala matunda yaliyokwisha kukatwa. Nunua ndizi, umenye mwenyewe. Kabla ya kula, mimina maji kidogo, nawisheni mikono kwa sabuni, wakubwa na wadogo. Mikono ya safari imeshika magurudumu, feza, vyuma vya gari na nguo za mtoto aliyehara.

Kanuni ya tano: punguza nguo. Alfajiri Bukavu ni baridi, ni vema mtoto avae. Lakini mkishuka Kamanyola, vua kofia ya sufu na soksi.

6. AKIANZA KUHARA: DAWA YA KURUDISHA MAJI

Wengine wanaidharau SRO kwa sababu si sindano. Sikilizeni habari hii. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, watu wengi sana walikimbilia India. Katika kambi ya Bongaon kolera ikawashika. Serumu za mshipa zilikuwa zinakwisha, na wagonjwa walilala chini kwa mamia. Mganga mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya maji, sukari na chumvi katika mapipa, na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Mbele ya hapo, katika wagonjwa 100 karibu 30 walikufa. Baada ya kunyweshwa, waliokufa hawakufika 4 kwa 100. Walioshika vikombe hawakuwa waganga. Walikuwa mama, baba na ndugu, kama ninyi.

Namna ya kutengeneza:
- Nawa mikono kwa sabuni.
- Mimina maji safi lita moja katika chupa. Tia paketi nzima ya SRO. Tikisa mpaka iyeyuke. Usigawanye paketi, wala usiongeze sukari. Kama paketi imeandikwa kipimo kingine cha maji, fuata kipimo hicho.
- Ikipita siku moja, masaa 24, mwaga, tengeneza nyingine.

Kama paketi hakuna: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko cha chai. Onja kwanza. Chumvi isipite ile ya machozi. Ikipita, mwaga, anza upya, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Namna ya kunywesha:
- Mtoto chini ya miaka miwili: baada ya kila kuhara, robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa.
- Mtoto wa miaka miwili na zaidi: nusu mpaka kikombe kizima.
- Mpe kijiko kwa kijiko. Usimmiminie.
- Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Usiseme, "Anatapika, basi nisimpe." Hata akitapika, sehemu inabaki.
- Endelea kunyonyesha. Kumnyima ziwa mtoto anayehara ni kuongeza tundu la tano katika kikombe.

Mkifika kwenye kituo cha afya, muuguzi atampa pia vidonge vya zinki. Vinatumiwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha. Usiviache katikati.

Usimpe mtoto dawa ya kufunga tumbo iliyonunuliwa sokoni. Tumbo likifungwa, ugonjwa unabaki ndani, na maji yaliyopotea hayarudi.

Nenda kwenye kituo cha afya bila kungoja kama kuna damu katika choo, kama ana homa kali, kama anatapika kila kitu, au kama anahara maji meupe mengi kama maji yaliyooshea mchele. Hiyo ya mwisho ni alama ya kolera, ambayo kwa Kiswahili cha wengine huitwa kipindupindu. Kolera inaweza kumkausha hata mtu mkubwa kwa masaa machache.

7. MKIFIKA ZIWANI

Mmefika, watoto wanakimbia mchangani. Mbele yenu ni Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina. Mahali penye kina kirefu linafika meta 1470. Maji yake ni maangavu, mtu anaona mawe ya chini. Mtoto mwenye kiu anainama na kunywa kwa viganja.

Hapo simama, mama. Maji maangavu si lazima yawe maji safi. Kijidudu cha kolera hakionekani kwa macho, na kwenye mwambao huu wa Uvira kolera imekuwa ikirudi mwaka kwa mwaka. Watafiti waliochunguza mambo ya Uvira toka mwaka 2009 mpaka 2014 waliona hivi: maji ya robine yakikatika, siku zinazofuata wagonjwa wanaopokelewa kwa ajili ya kolera wanaongezeka. Kwa nini? Kwa sababu robine ikikauka, watu huchota ziwani na mitoni. Mwaka 2020 watu wengi wa Uvira walipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Chanjo hiyo inasaidia sana, lakini haitokotezi maji kwa ajili yako.

Basi siku ya kwanza, kabla ya mtu kwenda kuoga:
- Uliza wenyeji: "Maji ya kunywa ni yapi? Yametokota?" Si dharau kwa mwenye nyumba. Sema kwa upole: "Dada, tumbo la watoto wangu halijazoea, naomba nitokoteshe yao." Hakuna mwenyeji mwema atakayekasirika.
- Funga chandarua kabla ya jua kutua, siyo baada ya watoto kusinzia.
- Wape chakula chepesi cha moto, kisha walale. Ziwa halitakimbia usiku.
- Mtu mkubwa mmoja awe macho kwa mtoto mdogo. Siku ya kufika ndiyo siku ya hatari, kwa sababu kila mtu amechoka na kila mtu anafikiri mwingine anamtazama mtoto.
- Watoto wasiende majini bila mtu mkubwa, na waulizeni wenyeji kwanza mahali penye viboko na mamba, zaidi upande wa mdomo wa Ruzizi.

8. MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

(Mama muuguzi aulize, wamama wajibu kabla ya kusoma jibu.)

Ulizo: Mtoto wa miezi minne anatoka jasho jingi katika gari. Nimpe maji kidogo?
Jibu: Hapana. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe maji.

Ulizo: Mtoto alihara mara tatu njiani, sasa amenyamaza na analala. Nimwache apumzike?
Jibu: Hapana. Mwamshe. Tazama macho, mdomo, mkojo, ngozi. Kama anaamka na kunyonya, mpe SRO. Kama ameregea, nenda kituo cha afya mara moja.

Ulizo: Tumebakiza saa moja tu tufike Uvira. Tusingojee tufike kwenye hospitali kubwa?
Jibu: Kama kuna kituo cha afya karibu, simameni hapo. Barabara ya saa moja inaweza kuwa ya masaa matatu: kizuizi, gurudumu, mto. Kituo kidogo cha karibu ni bora kuliko hospitali kubwa ya mbali. Na wakati mnaendeshwa, kama mtoto anaweza kumeza, kijiko kisisimame.

Ulizo: Baba anasema tutachelewa, na feza za gari zimelipwa.
Jibu: Feza za gari hupatikana tena.

9. NENO LA KUKUMBUKA

Sikumwona tena yule mama wa ndizi. Mwaka uliofuata, tulipopita pale pale, nilitazama nyuso za wauzaji wote dirishani, sikumtambua. Hakusoma shule ya wauguzi kama mimi. Alifanya jambo moja tu nililoshindwa mimi siku ile: alifunua kikwembe, akatazama.

Basi, mama msafiri, beba kifuko chako cha maji na paketi zako mbili. Mnyonyeshe mtoto njia nzima. Kabla ya kufika kwenye ziwa la Tanganyika, ziwa lako wewe ndilo litakalomfikisha. Na kila gari linaposimama, funua, tazama. Tena ukiona mtoto wa mwenzako ameregea, usione haya kunyoosha mkono dirishani.

Safari njema, na Mungu awafikishe wote salama.